Dokta, ubongo ukilala unafanya nini? Majibu ya barua zenu

Toleo lililopita niligusia utafiti wa Maiken Nedergaard, mwanasayansi wa ubongo mzaliwa wa Denmark ambaye maabara zake ziko Rochester kule New York na nyingine Copenhagen, yule aliyesema ubongo unajisafisha mtu akiwa amelala. Barua zimekuja nyingi, kutoka Tanga, Mbeya, Temeke, Bujumbura mpaka Minneapolis, na kwa vile nyingi zinauliza mambo yaleyale nimechagua chache, majina nimeyaondoa, na pale nilipoona watu wanaumia kwa kukosa kuelezwa nimejibu kwa kirefu.

Shikamoo Dokta. Hivi hii habari ya ubongo kuoshwa usiku ni ya kweli au ni maneno ya watu? Nauliza kwa sababu kuna mtu huku kwetu anauza dawa ya unga ya kusafisha ubongo, shilingi 30,000 kopo moja. Msomaji, Tanga

Marahaba. Kwanza hiyo dawa usinunue, hela yako itakwenda bure. Hakuna unga wala kidonge kilichoonyesha kwamba kinausafisha ubongo.

Sasa habari yenyewe. Ubongo unaelea kwenye maji, mtu mzima anayo kama mililita 150 hivi, na mwili unatengeneza karibu nusu lita kila siku, yani maji yote yanabadilishwa zaidi ya mara tatu kabla siku haijaisha. Zamani tulifundishwa kwamba kazi yake kubwa ni kuukinga ubongo usijigonge kwenye fuvu, basi. Mwaka 2012 Nedergaard na Jeffrey Iliff na wenzao wakatia rangi inayong'aa kwenye maji hayo kwa panya walio hai wakaangalia kwa hadubini ya leza, wakaona maji hayabaki juu, yanazama ndani kabisa yakifuata kandokando ya mishipa ya damu, yanapita kwenye vitundu vya protini inayoitwa akwaporini-4 iliyopo kwenye astrosaiti, zile seli zinazozihudumia seli za neva, alafu yanatoka yakiwa yamebeba taka. Ndo wakauita mfumo wa glimfatiki. Mwaka 2013 wakaenda mbali zaidi, wakawazoesha panya kulala palepale chini ya hadubini, na wakakuta kwamba panya akilala nafasi iliyopo katikati ya seli inapanuka, kutoka kama asilimia 14 ya ujazo wa ubongo mpaka asilimia 23, na ile protini ya amiloidi-beta ambayo hurundikana kwa wenye ugonjwa wa kusahau wa Alzheimer inaondoka mara mbili kwa kasi kuliko panya akiwa macho.

Utasema huyo ni panya. Sawa. Kwa binadamu, mwaka 2019 Laura Lewis na wenzake huko Boston walilaza watu ndani ya mashine ya MRI, ile inayopiga picha ndani ya mwili, huku wamevishwa vipima umeme kichwani, wakaona kwamba kwenye usingizi mzito damu ikipungua kidogo ubongoni maji yanaingia kwa mkupuo, kama kila sekunde 20 hivi, na mtu akiwa macho huoni mikupuo mikubwa ya namna ile.

Ila lazima niwaambie na upande wa pili maana watu hawauandiki. Mwaka 2024 timu ya Nick Franks ya Imperial College London nayo ilipima kwa panya ikapata kinyume chake kabisa, kwamba wakati wa usingizi na wakati wa nusukaputi rangi ilitoka polepole zaidi. Kambi ya Nedergaard inasema wenzao wamekosea namna ya kupima, wenzao nao hawakubali, na ugomvi bado unaendelea. Mimi naamini kwamba maji yanatembea ubongoni na kwamba usingizi unayabadilisha, hilo ushahidi wake ni mwingi, lakini mtu akikuambia usiku mmoja wa kulala vizuri unakufutia ugonjwa, huyo amekwenda mbali kuliko wenye utafiti wenyewe.

Shikamoo dokta, mi niko fom foo, Necta inakuja na hapa hosteli tunapiga msuli mpaka saa tisa usiku, nikiingia darasani asubuhi nahisi kichwa kitupu. Wenzangu wanasema nizoee tu. Mwanafunzi, Mbeya

Usizoee mwanangu. Hicho kichwa kitupu kina maelezo na ni marefu kidogo, nivumilie.

Kulikuwa na kijana Connecticut, Marekani, anaitwa Henry Molaison, alikuwa na kifafa kikali sana. Mwaka 1953 akiwa na miaka 27 daktari William Scoville alimfanyia upasuaji akatoa vipande vya ubongo pande zote mbili, ndani yake ikiwemo sehemu kubwa ya hipokampasi, kijisehemu kilichopo ndani ya ubongo upande wa masikio. Kifafa kilipungua kweli, lakini tangu siku ile Henry hakuweza kushika kumbukumbu mpya. Utoto wake anaukumbuka, mama yake anamjua, ila wewe ukitoka nje dakika chache ukarudi anakusalimia upya. Brenda Milner wa Montreal alimfuatilia miaka mingi, akampa kazi ya kuchora nyota huku anaangalia mkono wake kwenye kioo, na Henry akawa anachora vizuri zaidi kila siku huku akiapa kwamba hajawahi kuifanya kazi ile maishani mwake! Ndipo tukajua kumbukumbu ziko za aina nyingi, na kwamba mambo mapya unayojifunza, kama hayo ya historia na baiolojia, yanaanzia hipokampasi. Henry alifariki 2008, na mimi namheshimu sana yule mzee, sijui kama kuna mgonjwa mwingine aliyetufundisha ubongo kama yeye.

Sasa usingizi unaingiaje. John O'Keefe wa London aligundua mwaka 1971 kwamba panya ana seli kwenye hipokampasi ambazo zinawaka akifika mahali fulani tu, hii iwake kwenye kona, ile iwake mlangoni, na ugunduzi huo ulimpa tuzo ya Nobeli 2014 pamoja na watafiti wa Norway, May-Britt na Edvard Moser. Alafu 1994 Matthew Wilson na Bruce McNaughton, wakiwa Arizona, wakaonyesha kwamba seli zilizowaka pamoja panya akiwa anatembea huwaka tena pamoja akiwa amelala. Yani amelala lakini ubongo unarudia njia aliyopita mchana. Wajerumani nao, Björn Rasch na Jan Born, 2007 waliwafundisha vijana mahali zilipo kadi huku chumba kinanukia waridi, usiku wakiwa kwenye usingizi mzito wakawapulizia harufu ileile, na asubuhi waliopuliziwa walikumbuka kama asilimia 97, wakati bila harufu ilikuwa asilimia 86.

Kwa hiyo mwanangu, ukikesha mpaka saa tisa unaikata kazi ambayo ubongo ulikuwa unataka kukufanyia bure. Usingizi mzito unakuja zaidi nusu ya kwanza ya usiku, wa ndoto unakuja zaidi kuelekea alfajiri, na vyote vina kazi yake. Funga daftari saa nne au nne na nusu, uamke na wenzako asubuhi, na mchana badala ya kusoma ukurasa uleule mara tano funika kitabu ujiulize maswali mwenyewe. Na ikiwa hosteli taa haizimwi, kachukue kanga ya dada yako ujifunike macho, hakuna aibu.

Dokta habari. Mimi ni mlinzi, miaka 52, kazi usiku kazi usiku mwaka wa kumi sasa. Mchana nalala masaa manne matano, watoto wa jirani wanapiga kelele, spika ya baa inapiga. Nimesoma kwamba asiyelala masaa nane anapata Alzheimer. Nimeshaharibika? Mlinzi, Temeke

Hujaharibika kaka yangu. Hofu hiyo ndo inaniudhi kwenye hizi habari, mtu analala kidogo kwa sababu ya riziki alafu anaongezewa na mzigo wa kuogopa.

Utafiti mkubwa unaozungumzwa ni wa Uingereza, ulitoka 2021, uliwafuatilia wafanyakazi wa serikali karibu 8,000 kwa miaka 25. Waliokuwa wanalala masaa sita au chini kuanzia miaka 50 mpaka 70 walikuwa na uwezekano wa kupata ugonjwa wa kusahau uliozidi kwa kama asilimia 30 kuliko waliolala masaa saba. Asilimia 30 ya kuzidi maana yake si kwamba thelathini kati ya mia wanaugua, ni nyongeza juu ya uwezekano ambao kwa mtu wa miaka hamsini bado ni mdogo. Pia kuna swali gumu hapo: uharibifu wa Alzheimer unaanza ubongoni miaka 15 au 20 kabla dalili hazijaonekana, na usingizi ni moja ya vitu vinavyoharibika mapema, kwa hiyo huwezi kujua moja kwa moja kama kutolala kumeleta ugonjwa au ugonjwa umeanza kuleta kutolala. Yawezekana vyote viwili.

Na hayo masaa nane hayakuandikwa popote. Mwaka 2015 watafiti waliwavalisha saa za kupimia usingizi Wahadzabe wetu wa huku Tanzania, pamoja na Wasan wa kusini mwa Afrika na Watsimane wa Bolivia, watu wasiotumia umeme, wakakuta wanalala kati ya masaa 5.7 na 7.1. Wengi tulidhani mtu asiye na taa wala simu atalala kumi.

Kinachokuumiza wewe zaidi naona ni kulala vipandevipande na wakati jua linawaka. Ziba dirisha kwa kitambaa kizito cheusi, feni kama unayo iwashe maana ule mvumo unameza kelele, chai ya rangi na kahawa iwe mwanzo wa zamu isiwe alfajiri, na kabla ya kwenda lindo jipe usingizi mwingine wa saa moja na nusu. Kingine nenda kapime presha na sukari. Jopo la jarida la kitabibu la Lancet lilitoa 2024 orodha ya mambo 14 ambayo yakishughulikiwa karibu asilimia 45 ya ugonjwa wa kusahau duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa: presha, kisukari, sigara, kusikia kupungua, upweke na mengine. Usingizi haumo kwenye orodha hiyo, ushahidi wake wameona bado haujakaa sawa. Kwa hiyo ukidhibiti presha yako umefanya jambo lenye uhakika zaidi kuliko kuhesabu masaa.

Nafanya kazi ya kutunza wazee, naingia usiku, nikirudi nameza dawa ya usingizi, zolpidemu, ndo nilale. Ni sawa? Dada, Minneapolis

Kila siku, hapana. Januari 2025 timu ya Nedergaard ilionyesha kwamba panya waliopewa zolpidemu walilala haraka lakini mawimbi ya noradrenalini, kemikali ya ubongo, yanayosukuma maji ubongoni yalipungua, na maji yaliyoingia yalipungua pia. Ni panya, sikutishi, ila usiiache ghafla vilevile, ongea na aliyekuandikia muipunguze taratibu.

Mume wangu anakoroma mpaka anakata pumzi, alafu anashtuka. Mama watoto, Bujumbura

Huko kukata pumzi ndo kwenye shida dada. Koo linaziba, oksijeni inashuka, ubongo unamwamsha mara nyingi kwa saa bila yeye kujua, na presha inapanda. Apimwe. Akipunguza uzito, akiacha pombe ya usiku na akilala ubavu anaweza kupata nafuu, na ikizidi kuna mashine ya kumpulizia hewa.

Dokta, shikamoo. Mama yangu ana miaka 74. Miaka miwili sasa anasahau, anauliza kitu kilekile mara kumi, ikifika magharibi anaanza kuhangaika anataka "kwenda kwao" wakati yuko kwake. Anasema mke wa kaka kamwibia vitenge kumbe kavificha mwenyewe. Usiku anatoka nje anatembea. Majirani wameanza maneno, wanasema mama ni mchawi na ndo maana hatulii usiku. Naogopa. Binti, Shinyanga

Marahaba mwanangu, barua yako nimeisoma na kurudia.

Mama yako si mchawi. Nalisema kwanza kwa sababu wewe na mimi tunajua huko Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa maneno kama hayo, wengine kwa macho mekundu tu yaliyotokana na moshi wa jikoni. Kwa hiyo leo hii, kabla ya dawa na kabla ya kila kitu, wewe na kaka zako nendeni kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa kiongozi wenu wa dini mkawaambie mama ni mgonjwa, mkae nao, na mama asilale nyumba peke yake.

Hayo unayoyaeleza yana historia ndefu. Mwaka 1901 huko Frankfurt, Ujerumani, mwanamke wa miaka 51 anayeitwa Auguste Deter alipelekwa hospitali na mume wake. Alianza kwa kumtuhumu mume kwamba ana mwanamke mwingine, akawa anaficha vitu, anasahau, usiku anapiga kelele. Daktari Alois Alzheimer alimwambia aandike jina lake akashindwa, na yeye mwenyewe alisema amejipoteza. Alipofariki 1906 Alzheimer aliuangalia ubongo wake kwa hadubini akakuta madoa yaliyorundikana nje ya seli na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli. Madoa ndo hiyo amiloidi niliyoitaja juu, nyuzi ni protini nyingine inaitwa tau. Angalia sasa, tuhuma za wizi, kuficha, kelele za usiku, mambo yaleyale ya mama yako, kwa Mjerumani wa zaidi ya miaka 120 iliyopita.

Na huku kwetu ugonjwa upo. Watafiti walipita nyumba kwa nyumba vijiji vya wilaya ya Hai, Kilimanjaro, kwa wazee wa miaka 70 na kuendelea, na matokeo yaliyotoka 2013 yalionyesha asilimia 6.4 wana ugonjwa wa kusahau. Hiyo ni kama mzee mmoja kwa kila 16. Jirani yako anayesema maneno huenda naye ana shangazi yuko hivyohivyo kafichwa chumba cha nyuma.

Kuhusu magharibi na usiku. Ndani ya ubongo, kwa nyuma ya macho, kuna kundi dogo la seli ambalo ndo saa ya mwili, linapokea mwanga na kuamua sasa ni mchana, sasa ni usiku. Ugonjwa huu unaliharibu. Kwa hiyo mama anasinzia mchana, usiku yuko macho, na jua likizama na vivuli vikiongezeka anachanganyikiwa zaidi. Anaposema anataka kwenda kwao usibishane naye, usimwambie "mama hapa ndo kwako", utamtia hasira bure. Mwambie niambie kwenu kulikuwaje, mshike mkono mzunguke uwanja mrudi. Asubuhi mtoe nje akae juani, apepete mchele, achambue mboga, kitu chochote ambacho mikono yake bado inakumbuka. Mchana asilale sana. Usiku acheni taa ndogo inawaka, mlango uwe na komeo sehemu asiyozoea kuiangalia, na awepo mtu chumbani.

Alafu hospitali ya mkoa, na hili ni la lazima, kwa sababu kuna magonjwa yanafanana na huu na yanatibika: tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, upungufu wa vitamini B12, sonona, maambukizi, damu iliyovujia kichwani baada ya kuanguka. Beba dawa zote anazotumia. Niulize hasa, kuna mtu anampa piritoni ili alale? Maana hii ni tabia ya nyumba nyingi sana, na ile dawa kwa mzee inazuia kemikali ileile ya ubongo inayohitajika kwa kumbukumbu, inaweza kumfanya achanganyikiwe mara mbili. Iacheni.

Ikithibitika ni Alzheimer, sitakudanganya, dawa ya kuponya haipo. Kuna donepezili ambayo inasaidia wengine kidogo kwa muda. Kuna dripu mpya ya lekanemabu iliyopata kibali kamili Marekani 2023, inaondoa amiloidi, na kwenye majaribio ya miezi 18 kudorora kulipungua kasi kwa asilimia 27, ila ni kwa walio mwanzoni tu mwa ugonjwa, mgonjwa anatundikiwa kila wiki mbili, anapigwa MRI mara kwa mara kwa sababu ubongo unaweza kuvimba au kuvuja damu, na bei yake hata huko kwao inawashinda wengi. Kwa hali ya mama yako isingekuwa jibu. Mgawane usiku wewe na ndugu zako, usibebe peke yako, maana wewe nawe unahitaji kulala.

Assalaam aleikum Dokta. Mume wangu ana miaka 61, mtu mpole sana, lakini usingizini anapiga ngumi, anarusha mateke, juzi kanipiga jicho. Akiamka anasema alikuwa anaota anafukuzwa na mbwa. Watu wanasema jini, tumefanya kisomo. Mke, Unguja

Waaleikum salaam dada yangu, pole na jicho. Kisomo ni haki yenu na sina neno nacho, ila na hospitali mwende.

Kwa kawaida mtu akiwa kwenye usingizi wa ndoto ubongo unaulegeza mwili wote, ndo maana unaota unakimbia na miguu haisogei. Kwa mumeo lile zuio limeharibika. Madaktari Carlos Schenck na Mark Mahowald wa Minnesota waliueleza ugonjwa huu mwaka 1986, na wengi waliowaona walikuwa hivyohivyo, wanaume wazee, wapole mchana, wanapigana usiku. Halafu wakawafuatilia. Mwaka 1996 wakatoa taarifa kwamba kati ya wanaume 29 wenye miaka 50 na zaidi, 11 walikuwa wameshapata ugonjwa wa kutetemeka wa Parkinson au wa aina hiyo, na miaka ilivyokwenda wakawa wengi zaidi. Sababu inayoaminika ni kwamba protini inayoitwa alfa-sinukleini inaanza kuharibu sehemu ya chini ya ubongo, inayosimamia huo ulegevu, kabla haijapanda kwenye sehemu za kutembea na kushika.

Nimekuambia hivi si kukutisha. Inaweza kuchukua miaka kumi na zaidi, na wapo ambao mpaka leo hawajapata chochote, na baadhi ya dawa za sonona nazo zinaweza kuleta tabia hii kwa hiyo mtaje kila anachomeza. Kwa sasa godoro lishushwe chini, kabati lenye kona na vioo visogee mbali, na wewe lala kitanda kingine bila kujiona umemkimbia mumeo. Daktari anaweza kumpa melatonini au klonazepamu na ngumi zikapungua sana. Mwangalie pia kama harufu ya udi au karafuu anaisikia kama zamani, kama choo kimekuwa kigumu, kama mkono mmoja haupungi akitembea. Na siku ya kwenda hospitali ingia naye ndani useme wewe, maana yeye alikuwa amelala, aliyeshuhudia ni wewe, na ukiweza mrekodi kwa simu usiku mmoja ukamwonyeshe daktari.